Mtu Wako wa Kilungu

Ndinda,

Nimerudi Makindu jana. Miguu imevimba, visigino vimepasuka, na cherehani imejaa vumbi utadhani mwenyewe alihama. Kabla sijaipangusa nimekaa kukuandikia, kwa sababu nina hasira na wewe na sina mahali pengine pa kuipeleka. Ungekuwa hai ningekuja hadi nyumba yako pale shuleni, nikakaa kwenye ile stuli yenye mguu mbovu, nikakusema mpaka chai ipoe. Sasa itabidi unisikilize bila kunikatiza, jambo ambalo hukuliweza hata siku moja.

Tumetembea. Mimi na binti yako Kasyoka. Makindu mpaka Mwingi, njia ile ile, shule zilipofungwa, kama ulivyofanya wewe kila mwaka wakati walimu wenzako wakipanda basi kwenda kwao. Watu bado wanatushangaa. Mama mmoja pale Emali alitutazama na mabegi yetu mgongoni akatuuliza, "Sasa nyinyi mnatembea mkitafuta nini, na watu wanapanda ndengu?" Wewe ulikuwa na jibu lako la kialimu, kwamba mtu anafaa kujua umbali ulioko kati ya mahali anapotafuta riziki na mahali alipozaliwa, na kwamba basi haliwezi kumwambia. Mimi sikuwahi kuwa na jibu. Mimi nilikufuata tu kwa sababu ulikuwa unaenda.

Mwaka huu sikutaka kwenda. Nilikuwa nimekwisha kujisemea kwamba safari ilikufa na mwenyewe. Halafu Kasyoka akaja dukani, akasimama mlangoni vile ulivyokuwa ukisimama wewe, bega moja limeegemea fremu, akasema, "Aunty Mwikali, tunaenda ama hatuendi?" Nilikuwa na sare za watu mezani. Nikamwambia anipe wiki moja nimalize.

Lakini nianze na kile kilichoniuma, usije ukadhani nimekuandikia kukupa salamu.

Unakumbuka kazi yangu njiani ilikuwa simu. Wewe ulibeba maji na chakula, mimi nikabeba simu na betri ya kuichajia. Kila asubuhi kabla ya kufunga viatu nilifungua ile sehemu ya hali ya hewa nikakusomea vile vipicha: hapa jua, hapa wingu na jua, hapa matone. Ulinisikiliza vizuri, kichwa umekiinamisha, ungedhani ni mtoto wa darasa la pili anasoma hadithi yake. "Asante, fundi," ulisema. Kisha uliondoka ukaenda kutafuta kichuguu au jiwe lenye mtandao, ukapiga simu yako. Nilikuona kwa mbali ukicheka. Ulirudi na uamuzi tayari: leo tukae hapa mpaka mchana, au leo tuharakishe. Vipicha vyangu havikuwahi kuulizwa tena.

Nilikuuliza mara moja unampigia nani. Ukasema, "Mtu wangu wa Kilungu." Nikauliza ni mtu wako namna gani. Ukasema, "Wa mvua," ukacheka mpaka ukashika kiuno.

Sasa mimi na akili zangu nikaamua ni mwanamume. Ulikuwa mjane wa miaka mingi, nani angekulaumu? Nikakushonea ile gauni ya kola pana, ya siku utakayomleta. Uliivaa kanisani ukadhani ni zawadi ya bure. Na nikuambie ukweli, hata huyo mwanamume wa kichwani mwangu nilimwonea wivu kidogo. Lakini mwanamume ningemsamehe.

Ni siku ya kukuzika ndipo nilipomjua. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Niliyakariri maneno yangu njia nzima kutoka Makindu, nimeketi safu ya pili nyuma ya jamaa zako, leso mkononi. Mwongoza ratiba akatangaza kwamba muda umekwenda, kwa hivyo rafiki mmoja tu atasema kwa niaba ya marafiki wote. Nikainuka. Ndinda, niliinuka kabisa, nikaivuta sketi yangu vizuri. Akaita jina la mtu mwingine.

Akatoka mwanamke mfupi, amevaa sweta zito kwenye jua la Mwingi, anaegemea fimbo kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi. Jina lake Mumbua. Nikaketi polepole, watu wasione. Akasema mlisoma pamoja chuo cha ualimu. Akasema tangu mlipotoka chuoni umempigia kila asubuhi. "Akitembea, asipotembea," alisema. Kila asubuhi! Na mimi niliyekaa hatua chache tu kutoka lango la shule yako, ambaye nilidhani hakuna aliyekujua kunishinda, nikawa nasikia habari hiyo pamoja na watu wa hema na vipaza sauti.

Halafu akasema lile jingine. Kwamba ulimwambia habari ya ugonjwa kabla ya safari yetu ya mwisho, na kwamba uliubeba kwa ujasiri. Kabla ya safari! Mimi uliniambia ni vidonda vya tumbo. Nilikukatalia pilipili. Nilikuchemshia uji usio na ndimu, nikauleta kwenye chupa ya chai asubuhi na jioni, na wewe ukaunywa ukisema unaona nafuu. Yeye alijua. Alikuwa huko Kilungu kwenye ukungu wake anajua, na mimi hapa nakoroga uji.

Kama hiyo haikutosha, baada ya mazishi dada yako alitoa lile koti la mvua, lile la turubai la manjano, akamvisha Mumbua mbele za watu. "Huyu ndiye alikuwa mtu wake wa mvua," akasema. Watu wakapiga makofi. Ndinda, lile koti nililishona mimi. Sindano zilikatika mkononi mwangu nikilishona lile koti! Nilimeza chai yangu ikiwa moto vile vile, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya choo nikalia, na walionikuta huko walidhani nakulilia wewe.

Basi ndivyo nilivyoanza safari ya mwaka huu, na moyo wa namna hiyo. Tulikula chapati na dengu pale hekaluni kwa Masingasinga, kama desturi yako, tukajaza chupa, tukashika barabara ya Mombasa, malori yakitupigia honi. Kila asubuhi nilifungua simu nikasoma vile vipicha kwa sauti. Kasyoka alisikiliza, kichwa amekiinamisha. Kisha alitazama kichuguu kilicho karibu, akanitazama mimi, akafunga viatu. Ana simu yako. Ameiweka na laini yako ile ile, hajafuta kitu. Nilijua namba ya Kilungu imo. Sikuiulizia.

Tulipoiacha Emali tukaingia njia ya ndani, tukafika ule mto wa mchanga ulio kabla ya Wote. Tuliukuta hivyo hivyo ulivyouacha: mkavu, mpana, mchanga mweupe unaumiza macho. Kina mama walikuwa wamechimba visima vyao katikati, wanachota kwa vibuyu na kujaza mitungi, punda wamesimama wamelala. Mbinguni hakuna hata wingu la kutia dawa. Nikafungua simu. Ikaniambia: jua, jua, jua mpaka jioni.

Kasyoka akasema, "Aunty, si tumpigie Aunty Mumbua kwanza?"

Aunty Mumbua. Hata yeye!

Nikamwambia, "Tumsumbue ya nini? Simu imesema ni jua."

"Mum alikuwa anapiga kila time tukifika hapa."

"Mama yako alikuwa na sababu zake," nikasema, na sauti iliyonitoka sikuipenda.

Mtoto akairudisha simu yako mfukoni. Unajua kwamba mimi najua. Mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua kwamba mto wa mchanga hauulizi hali ya hewa ya pale uliposimama. Mvua inanyesha huko milimani, Kilungu, mahali ambapo wewe huoni hata kivuli chake, na maji yanakuja kukukuta ukiwa juani unajipangusa jasho. Wangapi wamekwenda hivyo, na ng'ombe zao. Na simu hukusomea pale ulipo, mpaka uiambie vingine. Yote hayo niliyajua, na bado nilikuwa tayari kuvuka. Sikutaka kusikia sauti ya yule mwanamke ikiniambia mvua iko wapi. Ndivyo ulivyoniacha, Ndinda.

Kasyoka akainama akavua viatu ili mchanga usiingie. Akaviunganisha kamba, akavitundika shingoni, akatangulia kushuka. Nikaiona miguu yake. Kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, miguu yako kabisa, iliyopakwa vumbi lile lile.

"Rudi," nikasema. "Vaa viatu. Piga."

Simu haikulia hata mara mbili. Hakutusalimu. Niliisikia sauti yake nikiwa nimesimama kando: "Mko wapi? Mmeshavuka? Fundi yuko hapo? Mwambie Fundi huku imenyesha tangu alfajiri, daraja letu la chini halionekani! Msivuke! Kama kuna watu ndani ya mchanga, waiteni watoke!"

Fundi. Hakuna aliyeniita hivyo bila kuongeza jina ila wewe. Lakini sikuwa na nafasi ya kununa. Nilipiga nduru kwa Kikamba mpaka koo likakwaruza, nikishuka ukingo na mikono juu, Kasyoka nyuma yangu anapiga makofi kuwaondoa punda. Kina mama walitutazama kama wenda wazimu. Mmoja mzee akauliza ni nani ametuambia. Nikamwambia ni mtu wetu wa Kilungu. Ndiyo, nilisema wetu. Lilinitoka tu. Wakapanda ukingo, wakiburuta punda na kulalamika.

Tukangoja. Hakuna kitu. Jua linawaka, mchanga umetulia, na mimi nimesimama na watu niliowaharibia kazi yao wakininung'unikia. Mama mmoja aliyeacha mtungi wake kisimani akasema hawezi kupoteza mtungi kwa maneno ya simu, akaanza kushuka tena. Kasyoka akamshika kanga. Walikuwa bado wanavutana tuliposikia mlio, mwanzoni ni kama lori kwenye barabara ya changarawe, lakini huko hakuna barabara. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi. Kisha maji, ya kahawia, na mapovu mbele, yamebeba migomba mizima ya watu wa milimani. Ule mtungi wa njano niliuona ukiruka mara moja tu. Yule mama akaketi chini palepale, kanga yake bado imo mkononi mwa binti yako.

Sitasahau hilo. Kasyoka angechukuliwa na maji, ningefika Mwingi namna gani, Ndinda? Ningewaambia nini kwenu?

Kasyoka akanipa simu. "Anataka kukuongelesha," akasema, akaenda kukaa na wale kina mama.

Nikaipokea. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa ufupi na kukata. Yeye akaanza: tangu siku tulipoondoka Makindu, kila asubuhi alitoka nje na fimbo yake, akatazama mlima, akarudi akakaa karibu na simu. Alijua tumeondoka, Kasyoka alikuwa amemwambia. Hatukupiga. Akasema, "Nikajua ni wewe hutaki. Na nisingekulaumu, mwaitu. Ningekuwa wewe, hata mimi singetaka kupiga." Mwaitu, aliniita, mama yangu, kwa heshima, na mimi nimemnyima salamu.

Nikamuuliza. Sikuzunguka. "Kwa nini alikuambia wewe, na mimi akaniambia vidonda vya tumbo?"

Nilisikia mvua kwenye bati lake. Akasema, "Alijua ukisikia, utamkatalia kutembea. Na alitaka kutembea na wewe hiyo mara moja tena."

Ni kweli. Ningekukatalia. Ningeficha viatu vyako, ningeenda kwa daktari mwenyewe, ningelala mlangoni kwako. Ulinijua vizuri, ukanidanganya kwa sababu hiyo, na bado nina hasira. Hasira haikutoka. Ilibadilisha tu mahali pa kukaa.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema tangu chuoni mliahidiana kutembea pamoja kutoka kwake mpaka kwako, akijua na wewe ukijua kwamba mguu wake hautafika hata kilima cha kwanza. Kila asubuhi ulimweleza tulivyovaa, tulivyokula, wapi nilijikwaa, nani alitupa maziwa. "Fundi amesema hivi, Fundi amefanya hivi. Nilikuwa naskia jina lako mpaka nachoka," akasema. "Na hiyo siku ya mazishi nikakuona umekaa na miguu yako mizima. Nilikuonea wivu, acha nikuambie."

Ndinda, nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu kwako. Nimekaa ukingoni, maji yananguruma mbele yangu, watu wamenusurika, na mimi nafurahi kwamba kuna mtu ananionea wivu. Nikamwambia koti linamkaa vizuri. Akasema ni kubwa kidogo mikononi. Nikamwambia alilete, au Kasyoka aniletee, nilipunguze.

Mto ulishuka kesho yake. Tukavuka alipotuambia tuvuke. Kuanzia hapo tulipiga kila asubuhi. Mimi nasoma vipicha kwanza, kwa sababu hiyo ni kazi yangu na sikuiacha, kisha Kasyoka anapiga. Athi tuliivuka darajani. Kitui tulilala kwa yule mpwa wako, ameezeka nyumba upya. Na Mwingi tulifika salama, mama yako yupo, masikio yamezidi kuziba lakini mdomo mzima. Kaburi lako limeota majani. Nilitaka kuyang'oa, Kasyoka akasema tuyaache, ni ya mvua.

Asubuhi hii simu yangu mwenyewe imelia. Ni Mumbua. Akasema, "Huku ni ukungu." Nikasema, "Huku ni jua." Hakuna aliyekata simu. Mwishowe akaniomba nimwambie vile ulivyokuwa ukitembea, maana yeye hajawahi kukuona ukitembea zaidi ya uwanja wa chuo. Nikamwambia. Nilimwambia ulivyokuwa ukitupa mguu wa kushoto nje ukichoka. Nilimwambia ulivyokuwa ukiwasalimu mbuzi. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu nikamtega. Nikamuuliza kama jambo la kupitisha muda, "Ile siku ya mwisho ya safari ya mwisho, mlipoongea jioni, alikuambia nini?" Akasema, "Aliniambia mmefika, mmekunywa chai. Basi."

Basi.

Kwa hiyo hukumwambia. Hukumwambia kwamba pale kwenye mteremko wa mwisho, nyumba yenu ikiwa inaonekana, ulinishika mkono. Hatujawahi kushikana mikono, mimi na wewe, watu wazima wenye watoto. Ulinishika, na tukatembea hivyo polepole mpaka langoni, na hapo ukauachia mkono wangu ukaanza kumwita mama yako kwa sauti. Nilidhani ni uchovu. Nilidhani ni vile vidonda.

Pumzika sasa, mwalimu. Kasyoka nitatembea naye kila mwaka mpaka anichoke, na mtoni hatashuka kabla Kilungu haijasema. Mumbua nitampigia, tukitembea, tusipotembea. Nitamweleza yote kidogo kidogo, kwa sababu anastahili, na kwa sababu napenda kuona anavyosubiri. Lakini ule mkono simwambii. Asiniulize tena habari ya siku ile. Nitamwambia tulifika, tukanywa chai.

Ni mimi,
Fundi wako